Njuki Anamchana Biskuti

Mume wangu Njuki anaamini kwamba kila kitu kinachouzwa dukani kimewekwa pale na mwizi. Sufuria ikitoboka anaiziba. Ndoo ikipasuka anaishona kwa waya. Kiti anachokalia sebuleni kina miguu ya viti vingine vinne, na ukikaa bila kuomba ruhusa kinakuangusha. Watu wa Karurumo wanasema mzee ana busara, hapotezi pesa. Watu wa Karurumo hawajalala kwenye kitanda alichokitengeneza. Mimi Felicitas, ambaye wengi wananiita Mama Karimi, nimelala hapo miaka yote ya ndoa na mgongo wangu unayo ya kusema.

Huyu Njuki ndiye mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi. Mbuzi wa jirani akila mahindi yako, ama mpaka wa shamba ukihama usiku, mnakuja kwetu mnakaa kwenye benchi, mnalia shida zenu, naye anaamua. Anasifiwa sana. Kesi zake zinaisha haraka, na hajawahi kuegemea upande wowote. Ataegemeaje, na hakuna upande anaousikia?

Ndiyo, mwenyekiti hasikii. Masikio yalianza kumwacha polepole. Kwanza aliacha kusikia ndege, kisha mvua kwenye mabati, kisha mimi. Ya ndege na mvua yalimsumbua. Ya mimi sikuona akilalamika. Lakini alijua, na siku moja alinikalisha chini, akaleta Biblia, akaniapisha nisimwambie mtu hata mmoja.

"Wakijua watanitoa," alisema. "Nitakaa hapa nihesabu kuku mpaka nife."

Nikaapa. Tangu siku hiyo nikawa napiga kelele ndani ya nyumba yangu kama kondakta, na nje nikawa natabasamu. Watu wakija na kesi, yeye alikuwa anatazama midomo yao, anatikisa kichwa, anasema "Naam, endelea," halafu anawaambia wagawane hasara. Kila kesi, gawaneni hasara. Na wakaenda nyumbani wakimsifu, Ngai!

Kilichoniuma mimi ni simu. Karimi, binti yetu wa pekee, anafanya kazi Meru mjini kwenye ofisi ya bima. Alipoacha kazi ya ualimu ili aende huko, baba yake alifoka sana, kwa sababu ile kazi ya ualimu tuliiombea mpaka magoti yakachubuka. Yakaisha. Angalau kwa Njuki yaliisha. Lakini kila Karimi alipopiga simu kumsalimia, Njuki aliiangalia simu kama imemtukana, akanipa. "Ongea na mama yako," anasema, anatoka nje. Atafanya nini, na simu haina mdomo wa kuutazama? Karimi naye ananiuliza, "Mama, Baba bado amenikasirikia?" Namwambia hapana. "Basi mbona hataki sauti yangu?" Hapo nanyamaza, kwa sababu niliapa. Kiapo cha kipuuzi kinafunga sawa na cha maana.

Sasa tumefika kwa mbwa.

Karimi alihamia nyumba ambayo mwenyewe hataki wanyama, kwa hivyo akatuletea mbwa wake ndani ya kikapu chenye kifuniko. Mbwa mwenyewe ni mdogo, mweupe, nywele zimemfunika macho mpaka hujui anakutazama ama amekupa mgongo. Anaitwa Biskuti. Njuki alimzunguka mara kadhaa.

"Huyu ni mbwa ama ni mto wa kiti?" akauliza.

Karimi akacheka kidogo, akaanza kueleza. Mchaneni kila siku, Baba, hasa nyuma ya masikio na chini ya kwapa, maana nywele zake zinaendelea kuota kama zetu, zisipochanwa zinafungana. Akatoa brashi nzuri yenye meno ya waya mwembamba. Njuki akatikisa kichwa vizuri kabisa, "Naam, endelea." Hakushika hata neno moja, maana Karimi aliongea akiwa amemwinamia mbwa. Karimi akarudi Meru akiwa amefarijika.

Ile brashi Njuki aliichunguza, akaona ni kifaa cha maana, akaanza kusugulia kofia yake ya kanisani. Kofia ilipong'aa akahamia kwa viatu. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa nyeusi ya rangi ya viatu, imekaa dirishani, haijawahi kukutana na mbwa.

Kwa Biskuti mwenyewe alikuwa na mpango wa kawaida wa boma letu: mbwa anafungwa mchana na kufunguliwa usiku awakimbize wezi. Akatafuta mnyororo wa marehemu Simba, mbwa wetu wa zamani. Mnyororo ulikuwa mzito kuliko mbwa. Biskuti alivutwa shingo hadi chini, akalala hapo akitutazama, kama anatutazama. Njuki akaona aibu akamfungua.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kwa kuwa hakuwa na mnyororo wala kazi, Biskuti alilala miguuni pa Njuki. Na mtu akija kwenye geti, Biskuti aliinua kichwa. Njuki akiona kichwa kimeinuka anageuka, na kweli kuna mtu. "Karibu!" Mtu anashangaa, maana hata hodi hajamaliza. Nikiita jikoni, "Njuki, chakula!", Biskuti anakimbia, na Njuki anamfuata. Siku ya kwanza alipokuja kula baada ya kuitwa mara moja, nilitaka kuangusha sufuria ya githeri kwa mshtuko. Miaka mingapi nimekuwa nikitembea shambani na kijiko mkononi kumtafuta huyu mtu!

Wakati wa kesi Njuki akaanza kukaa na mkono wa kushoto kwenye shingo ya Biskuti. Mtu akiongea, sikio linacheza chini ya vidole vyake, na yeye anajua ageukie nani. Mtu akipandisha sauti mbwa anakaza misuli, na Njuki anamwambia, "Wewe, usinipigie kelele." Sifa zikaongezeka. Wakasema mzee anasikia hata usichosema. Na jioni nikamwona akimpa Biskuti mfupa wa mbuzi ukiwa bado na nyama. Wenye nyama! Mimi nilipewa lini mfupa wa hivyo?

Basi mvua ikaja. Udongo wetu ni mwekundu, na chini ya mikahawa kumejaa kishona-nguo, zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania sketi. Biskuti aliingia humo mweupe akatoka na rangi ya tofali. Nywele zikashikana na matope, matope yakashikana na mbegu, mbegu zikashikana na ngozi. Nyuma ya masikio kukawa na mabonge magumu, hata sikio lenyewe likagandamana na shavu. Mwenye brashi alikuwa anang'arisha viatu. Biskuti akawa anatikisa kichwa, anajikuna, analia kidogo, na mwisho akaacha kuinua kichwa mtu akija.

Naibu wa chifu ndiye aliyetuonyesha ukubwa wa shida. Alikuja na habari za mkutano, akasimama kwenye geti akaita. Njuki alikuwa kibarazani akila njugu, mgongo ukiangalia geti, na Biskuti miguuni pake. Wote wawili walikuwa wametulia kama wamekaa kanisani. Naibu akaita mpaka sauti ikakwaruza. Mimi nikatoka mbio shambani na kikapu cha kahawa mgongoni.

"Mzee anasali," nikamwambia.

"Anasali akila njugu?"

"Ni maombi ya kushukuru kwa njugu."

Alimtazama Njuki kwa muda, akaniachia ujumbe, akaenda zake. Njuki alipogeuka aliona mgongo tu wa naibu ukipotea barabarani. Akaelewa. Akapiga magoti hapo hapo, akashika sikio la Biskuti alifungue, na sikio halikufunguka. Mbwa akalia.

"Ameziba," akaniambia, na nikaona mume wangu anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, hata siku ng'ombe wetu alipoanguka kwenye mtaro.

Kwa bahati yetu nzuri, wiki hiyo hiyo nikamtumia Karimi picha ya mkungu wa ndizi kwa WhatsApp, nijivunie. Jibu likaja mara moja. "Mama, hicho ni nini nyuma ya ndizi?" Nikaandika, ni Biskuti. Akapiga simu hapo hapo.

"Nakuja Jumamosi kumchukua," akasema, na nilijua anajizuia asilie. "Kuna rafiki yangu kule Nkubu, anajua kutunza mbwa wa hivi. Baba hakumtaka tangu siku ya kwanza. Kama vile mimi tu."

Nikamsimamia Njuki mbele ya uso nikamwambia neno kwa neno: Karimi anakuja Jumamosi, anamchukua Biskuti, kwa sababu hajachanwa. Hiyo aliipata yote. Akakaa chini. "Bila huyu nimekwisha," akasema. Kisha akasimama. "Atakuja apate amechanwa."

"Basi nenda duka la agroveti kule Runyenjes ununue brashi nyingine na makasi," nikasema.

Hiyo hakuipata. Neno "nunua" lilikuwa la kwanza kabisa kupotea masikioni mwake, hata kabla ya ndege.

Akaanza na karai la maji na sabuni ya mche, kwa sababu vilikuwepo. Nikapiga kelele: "Usimwoshe kabla ya kumchana! Nywele zilizofungana zikilowa zinakaza! Mchane kwanza, ukianzia kwenye ncha!" Hili ni jambo ambalo mwanamke yeyote aliyewahi kufumua nywele za mtoto analijua. Njuki alikuwa amenipa mgongo. Alimsugua yule mbwa kama anayefua shati la shule, akamkamua, akamweka juani. Biskuti alipokauka, mabonge yalikuwa yamejivuta yakawa magumu kama mkeka wa mlangoni, na anatembea miguu ikiwa imepanuka.

"Angalau sasa ni msafi," Njuki akasema.

Siku iliyofuata alipanda gari akaenda kumwona binamu yake Gatakaa, ambaye huuza samaki wa bwawa la Kiambere. Gatakaa ana kifaa cha kuparia magamba: kipande cha mbao kilichopigiliwa vifuniko vya soda, meno yakiangalia nje. Njuki alirudi nacho ndani ya koti, uso umemng'aa. "Kwa nini ninunue brashi?" akasema. "Hii ni ile ile, na ni ya bure." Nauli ya kwenda Kiambere na kurudi, sijui nani alimlipia. Labda samaki.

Nikamwambia hicho ni cha samaki, kitateleza juu na chini kubaki vile vile. Akatikisa kichwa. "Naam." Akakaa na Biskuti akamparua. Kile kifaa kilivuta nywele za juu, mabonge hayakutikisika, na badala yake magamba ya zamani yakabaki kwenye manyoya pamoja na harufu yake yote. Kufika jioni paka walikuwa wameanza kuingia. Paka wa jirani nawajua, lakini hawa wengine nadhani walikuja kwa gari kutoka Runyenjes. Biskuti akajificha chini ya kitanda kwa aibu, paka wakakaa mlangoni wakimngoja. Mmoja alizaa kwenye stoo yetu na mpaka leo hajaondoka.

Ungedhani hapo mtu atajifunza. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya tatu Njuki akamkumbuka Mwiti.

Mwiti ni kinyozi wetu, Mmeru mwenye maringo, ana kioo kikubwa na mashine moja anayoipenda kuliko mchumba wake. Sijui Njuki alimwambia nini mpaka akamwazima wakati wa chakula cha mchana. Nadhani alisema ni ya kumnyoa mgonjwa. Nikasikia mlio nyuma ya nyumba, nikatoka. Ile mashine ilikuwa imefanikiwa kupita katikati ya mgongo wa Biskuti, kuanzia shingoni hadi karibu na mkia, na kuacha njia moja ya ngozi tupu. Halafu ikafika kwenye bonge, nywele zikajisokota kwenye meno, ikapata moto, ikalia, ikanyamaza. Ikawa ni kama zile barabara zetu za lami, zinazoanza vizuri kabla ya uchaguzi na kuishia kwenye matope.

Mwiti alikuja kuchukua mashine yake akaipata na manyoya meupe ndani.

"Mzee!" akapiga kelele. "Hii mashine ni ya vichwa vya watu waliobatizwa!"

Njuki akamjibu, "Naam, endelea."

Mwiti aliendelea vizuri sana. Karurumo nzima ikajua, na sasa kila mzee wa kanisa akikaa kwenye kiti cha kinyozi anauliza kwanza kama mbwa ametangulia. Ilibidi tumpe Mwiti jogoo wetu ili anyamaze. Jogoo mkubwa, niliyekuwa namweka kwa ajili ya Krismasi. Hiyo ndiyo bei ya kifaa cha bure, na bado mbwa hakuwa amechanwa.

Ikafika Ijumaa. Nilikuwa jikoni nikatupa macho nje, na nilichokiona kilinikata maini. Njuki alikuwa amekaa na makasi ya kondoo, yale makubwa ya baba yake, yenye kutu, amemshika Biskuti kichwa na kuingiza ncha chini ya bonge la sikio. Bonge lilikuwa limevuta ngozi ndani yake. Angefunga yale makasi, sikio lenyewe lingebaki mkononi.

"Njuki!" nikaita. "Njuki, wacha!"

Bila shaka hakusikia. Nikachukua mwiko wa ugali nikamrushia. Sijawahi kulenga hivyo maishani. Ulimpata begani, akageuka, na akaona mdomo wangu.

"Utamkata sikio!"

Aliyatazama makasi. Akamtazama mbwa. Akayaweka chini. "Kesho atachukuliwa," akasema, "na watu watakuwa wanasimama nyuma yangu wakiongea, na mimi nitakuwa hapa nakula njugu." Machozi yakamtoka. Nilikuwa na hasira ya kummeza mzima mzima pamoja na kofia yake, na bado nikamhurumia, huyu mjinga wangu.

Nikavua aproni nikaenda dukani. Nikanunua. Ndiyo, nilinunua, kwa pesa, kwa mwizi: makasi madogo ya watoto wa chekechea, yale yenye ncha butu, na kichupa cha mafuta ya nazi. Vyote pamoja havikufika bei ya mguu wa yule jogoo. Kisha nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikatoa chanuo langu la chuma, lenye mpini wa mbao ulioungua upande mmoja. Ndilo nililokuwa naliweka kwenye jiko kunyoosha nywele za Karimi kila Pasaka na kila Krismasi, naye akilia kwamba nimemchoma kabla hata sijamgusa. Safari hii lilikuwa baridi, msiniangalie hivyo.

Maneno nilikuwa nimechoka nayo. Nilikaa nyuma ya Njuki kwenye kigoda kimoja, nikamshika mikono. Nikampaka mafuta kwenye vidole. Nikaviweka vidole vyake vya kushoto kati ya ngozi na bonge, ili makasi yakikosea yamkate yeye kwanza, ambayo ingekuwa haki. Mkono wa kulia nikauongoza kulipasua bonge kwa urefu, kuanzia ndani kwenda nje, si kulikata kwa upande. Halafu tukaachanisha kwa vidole. Halafu chanuo, kuanzia ncha za nywele, kidogo kidogo, kurudi nyuma kuelekea kwenye shina. Akitaka kuvuta, namfinya. Hatukuwa tumeshikana mikono hivyo tangu siku padri alipotuamuru.

"Kumbe unaanzia mwisho," Njuki akasema.

Nilikuwa nimemwambia hivyo tangu Jumanne. Nikamfinya tena, ya bure.

Biskuti alilia mwanzoni, halafu akaweka kidevu kwenye goti la Njuki akaacha. Sikio la kwanza lilifunguka jua likiwa bado juu, la pili jua lilipokuwa linaelekea kuzama. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, tukaipangusa kwa pamba na maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mbwa akasimama, akatikisa kichwa, masikio yakapiga makofi. Mbali kule barabarani pikipiki ikapita, na Biskuti akageuka kuitazama. Njuki akaona amegeuka, akageuka pia, akaiona pikipiki. Akacheka mpaka akakohoa.

Sitawadanganya kwamba mbwa alipendeza. Alikuwa na barabara mgongoni, sikio moja lina nywele na lingine halina, na ukimkaribia bado ananuka Kiambere kidogo. Jumamosi asubuhi Njuki alikuwa uwanjani tangu mapema, amekaa kwenye kigoda, mgongo kwa geti, anamalizia mkia kwa lile chanuo. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni nikichambua maharagwe.

Karimi akafika na kile kikapu chenye kifuniko. "Hodi," akasema.

Biskuti akainua kichwa. Njuki akakisikia kichwa kikiinuka chini ya kiganja chake, na kwa ile sauti yake ya uenyekiti akasema, bila kugeuka, "Karibu! Kaa hapo kwenye benchi. Mwenzako akifika tutaanza kesi."

Karimi akadhani ni mzaha, akatabasamu. "Baba, ni mimi."

Chanuo likaendelea.

"Baba." Akasogea mpaka nyuma yake kabisa, angeweza kumgusa bega. Tabasamu lilikuwa limeisha. "Hata leo, Baba? Nimekuja mpaka hapa na bado hutaki kunitazama? Nilikuomba msamaha. Kila nikipiga simu unampa Mama. Kama hunitaki si useme tu, nijue moja?"

Nilisimama, maharagwe yakamwagika. Kiapo ama si kiapo, mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Lakini Njuki akanitangulia. Alipuliza nywele kwenye chanuo, akainama, akaanza kumwambia Biskuti. Yeye anadhani ananong'ona. Mtu asiyesikia akinong'ona, anasikika mpaka kwa jirani.

"Kaa vizuri," akamwambia. "Mama yako anakuja leo. Akikuona umependeza hatakuchukua. Na ukisikia sauti yake kule kwenye geti uniambie mapema, sawa? Mimi hata kwenye simu siipati tena. Ilianza kupotea kidogo kidogo, sasa imeisha yote. Nimesahau hata ilikuwaje. Wewe ndiwe utanisikilizia."

Karimi akaweka kikapu chini. Alinitazama, na mimi nikatikisa kichwa, ndiyo. Akafunika mdomo kwa mikono miwili na akalia hivyo, amesimama nyuma ya baba yake, na baba yake anachana mkia.

Biskuti akatoka magotini pa Njuki, akamrukia Karimi, akarudi, akauma suruali ya Njuki akaivuta. Njuki akageuka. Wacha niseme, mimi sijawahi kutazamwa vile, wala siku ya harusi.

"Karimi! Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, Baba," Karimi akasema, akijipangusa uso. Akazunguka mbele yake, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya mjini, mahali ambapo anaweza kuuona mdomo wake.

Njuki akaanza haraka haraka, kabla hajaambiwa lolote. "Tumemchana. Mgongo utaota, ni mashine ya Mwiti iliharibika. Mafuta tulinunua. Na makasi. Tulinunua, Karimi, uliza mama yako. Usimchukue."

Karimi akalichukua lile chanuo mkononi mwake. Aliugeuza ule mpini ulioungua, akautambua, akacheka huku analia. Kisha akamvuta Biskuti kwenye mapaja yake na kuanza kumchana pale baba yake alipokuwa ameachia, kuanzia ncha.

"Simchukui," akasema, na alikuwa ameinama, hakukumbuka kuinua uso.

Njuki hakulipata neno hilo. Akamtazama Biskuti, kama anavyofanya siku hizi, ajue kumesemwa nini. Biskuti alikuwa anatingisha mkia.

"Asante," Njuki akasema.